Siri ya M-Pesa Iko Kibandani

Shangazi yangu ana kibanda cha M-Pesa Kaloleni, bara ya Kilifi. Mwisho wa mwezi mmoja nilikaa naye kutwa, tangu alipofungua kufuli hadi alipopiga hesabu za jioni. Mnamo saa nne akaingia mzee mmoja na bakora yake, kofia kichwani, simu ya vitufe mkononi.

"Shikamoo baba," shangazi akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu wa Mombasa amenitumia elfu sita. Nitolee zote."

Shangazi akavuta droo, akatazama, akairudisha. "Baba, hapa nina elfu mbili na mia tano. Kijana ameenda benki kuniletea nyingine. Utachukua hizi kwanza ama utangoja?"

"Nitangoja. Mwenye mbuzi anazitaka zake zote pamoja."

Akakaa kwenye benchi. Baada ya dakika arobaini bodaboda ikasimama nje, kijana akashuka na bahasha aliyoificha ndani ya shati. Shangazi akahesabu noti mara mbili, akaandika kwenye daftari, mzee akatia sahihi na kwenda zake kwa mwenye mbuzi. Pesa zile zilitoka Mombasa zikaingia kwenye simu yake kwa sekunde chache tu. Kuvuka meza ya mbao isiyozidi urefu wa mkono, zilihitaji dakika arobaini, pikipiki na kijana mwaminifu.

Kila ninaposikia M-Pesa ikisifiwa kama muujiza wa teknolojia, ile bahasha hunijia akilini. Vijana wetu wanaojenga programu za simu wanasoma sana habari za wakuu wa kampuni za California: jinsi walivyoanzia gereji, jinsi walivyoona mbali kuliko wenzao. Mimi naona kuna mkuu mmoja aliyefanya kazi yake hapahapa, mbele ya macho yetu, na bado hatujamsoma vizuri. Ni Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, tangu 2000 hadi 2010. Waliotaka kumuiga waliiga menyu ya simu. Bahasha hawakuiona.

Joseph, mzaliwa wa Afrika Kusini, alifika Nairobi akitokea Hungary, ambako pia alikuwa kwenye biashara ya simu. Alikuta kampuni yenye wateja wasiofika 20,000. Alipoondoka, wateja walikuwa wamepita milioni 16. Mtu anaweza kusema soko lenyewe lilikuwa linakua, na hilo ni kweli. Lakini mpinzani wake wa wakati huo, Kencell, alikuwa kwenye soko hilohilo. Kencell alitoza kwa dakika: ukizungumza sekunde kumi, umelipia sitini. Safaricom ikaanza kutoza kwa sekunde. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Kwa mtu aliyenunua kadi kwa pesa za mboga lilikuwa kubwa mno, kwa sababu sasa aliweza kupiga, akasema "nimefika salama," akakata, na salio likabaki.

Watu wazima wanakumbuka kwamba Joseph huyu aliwahi kuwaudhi Wakenya aliposema wana tabia za ajabu za kupiga simu. Alikuwa anaeleza kwa nini mtandao unalemewa, na maneno yale yalimfuata kwa miaka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokasirika. Baadaye niliona kwamba kampuni yake iliitazama ile inayoitwa ajabu kwa makini kuliko wengine wote. Watu walikuwa wanabipu kwa sababu hawana salio. Safaricom ikawapa ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa. Watu walikuwa wananunuliana kadi, wanasomeana namba zile za kukwangua kwenye simu. Ikaja Sambaza, ukaweza kumrushia mwenzako salio moja kwa moja. Kadi zikashuka bei mpaka mtu wa kibarua akaweza kununua ya siku ile ile. Kila mara mpangilio ni mmoja: watu wanafanya jambo fulani kwa taabu, kampuni inaondoa taabu, jambo lenyewe inaliacha lilivyo.

M-Pesa nayo ilizaliwa hivyo, ingawa ilianza na nia nyingine kabisa. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa kampuni ya simu ya Vodafone, Uingereza, akisaidiwa na mfuko wa serikali ya Uingereza ulioitaka sekta binafsi ibuni njia za kuwafikishia maskini huduma za fedha. Aliyeletwa kulijenga ni Susie Lonie. Mpango wa awali ulikuwa mikopo midogo: mwanachama wa kikundi apokee mkopo kwa simu na aulipe kwa simu. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika, pamoja na shirika la mikopo la Faulu na benki ya Commercial Bank of Africa, kwa wateja mia chache tu.

Hapo ndipo watu walipoanza kufanya mambo ambayo hayakuandikwa popote. Wafanyabiashara wakalipana wenyewe kwa wenyewe. Wengine wakaweka pesa jioni na kuzitoa asubuhi, kwa kuwa benki imefungwa na nyumbani kuna wezi. Wengine walipokuwa wanasafiri waliweka pesa mwanzo wa safari wakazitoa mwisho wa safari, ili wasizibebe njiani. Mwanamke mmoja, mumewe aliporwa akabaki hana hata nauli, akamtumia nauli kwa simu arudi nyumbani. Wakati huohuo ile sehemu ya mikopo, iliyokuwa ndiyo sababu ya mradi, ikawa mzigo. Hesabu za kikundi hazikulingana na hesabu za mtambo. Na kulikuwa na jambo zito zaidi: mikopo ya kikundi husimama kwa sababu wanachama wanakutana na kutazamana usoni. Mtu akilipa kwa simu, ana haja gani ya kuja mkutanoni?

Mkuu mwingine angeshikilia mpango. Ulikuwa na wafadhili, washirika na ripoti zilizoandikwa kuhusu mikopo. Badala yake mikopo ikawekwa kando, huduma ikavuliwa kila kitu ikabaki na ahadi moja: tuma pesa nyumbani. Uamuzi wa aina hii ni mgumu ofisini, kwa sababu hakuna anayepandishwa cheo kwa kitu alichokiondoa. Nauheshimu kuliko uvumbuzi wenyewe.

Ahadi ile iliingia moja kwa moja kwenye maisha yetu. Kabla ya hapo, kijana aliyefanya kazi bandarini Mombasa alimtumia mama yake pesa kwa kumpa dereva wa basi, au jamaa anayekwenda nyumbani, akaomba Mungu zifike. Nakumbuka bahasha za baba yangu: juu ameandika jina la mpokeaji, ndani ameandika kiasi kwenye karatasi ili aliyebeba ajue kwamba mpokeaji atajua. Kitu ambacho watu walikihitaji kilikuwa kinafanyika tayari, kwa hofu. Hapakuwa na haja ya kumfundisha mtu kwa nini atume pesa nyumbani.

Machi 2007 huduma ikazinduliwa nchi nzima. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye somo. Haikuanza na maduka mawili matatu ya Nairobi "kupima soko." Ilianza na maduka takriban 750, kiasi cha kufikia makao makuu ya wilaya zote 69 za wakati ule. Fikiria gharama ya uamuzi huo kwa huduma isiyo na mteja hata mmoja. Lakini huduma ya kutuma pesa nyumbani isiyokuwa na wakala nyumbani haina maana. Mtumaji wa Nairobi anaweza kuwa na mawakala kumi mtaani kwake. Asipokuwapo mmoja karibu na mama yake, hatumi. Na akijaribu mara moja mama akazungushwa, hatarudia, na atawaambia wenzake.

Sasa tazama kazi ya wakala. Mteja akija kuweka pesa, wakala anapokea noti na kumpa salio kutoka kwenye laini yake mwenyewe. Lile salio ndilo floti. Mteja akija kutoa, wakala anampa noti na kupokea floti. Kwa hiyo anahitaji akiba mbili kwa wakati mmoja, noti na floti, na zote mbili ni mtaji wake. Mjini watu huweka zaidi kuliko wanavyotoa: floti ya wakala inakwisha, noti zinamjaa. Kijijini watu hutoa zaidi: noti zinakwisha, floti inamjaa asijue aifanyie nini. Kila siku ya Mungu lazima mtu fulani achukue noti kule zilikojaa azipeleke kule zilikokauka. Mtambo hauwezi kufanya hivyo. Inahitaji benki iliyo karibu, wakala mkubwa anayewauzia floti wadogo, pikipiki, na kijana mwenye bahasha ndani ya shati.

Kampuni ilibidi pia ipime idadi. Wateja wakizidi mawakala, kuna foleni na noti zinakauka. Mawakala wakizidi wateja, kila mmoja anapata kamisheni ya kununulia chai tu, anarudi kuuza sukari na sabuni, na ile akiba ya noti anaiingiza kwenye sukari na sabuni. Kuongoza huduma kama hii ni kama kupika wali kwa kuni: moto ukizidi unaungua, ukipungua unabaki mbichi, na huwezi kuondoka jikoni.

Bei nayo ilipangwa na mtu aliyefikiri kutoka upande wa meza aliko mteja. Kuweka ilikuwa bure, kwa sababu mtu anayekabidhi noti zake kwa mara ya kwanza hataki kuona zimepungua papo hapo. Kumtumia aliyejisajili ilikuwa shilingi 30, iwe unatuma 100 au 35,000. Namba moja, kila mtu ameishika kichwani. Ukimtumia asiyejisajili ulitozwa zaidi, kuanzia shilingi 75, lakini mpokeaji alitoa bila makato. Ajabu iliyoje: mgeni anahudumiwa vizuri kuliko mwenyeji! Lakini hesabu yake ni nzuri sana. Aliyeumia ni mtumaji, ambaye tayari ni mteja, basi yeye ndiye aliyempigia mama simu kumwambia, "Mama, nenda ukajisajili." Kampuni ilipata wahamasishaji bila kuwalipa. Na wakala alilipwa kamisheni hata pale mteja alipoweka bure, maana mwenye kibanda asipokula, hafungui.

Kabla mwaka ule haujaisha, wateja walipita milioni moja. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008. Barabara zilifungwa, benki zilifungwa, na watu waliokwama mbali na ndugu zao wakatumiwa pesa na salio kwa simu. Sipendi kuisimulia miezi ile kana kwamba ilikuwa fursa ya biashara. Nataja tu kwamba waliotumiwa wakati ule hawakuhitaji tena kushawishiwa na tangazo.

Imani hiyo ilijaribiwa kutoka juu pia. Desemba 2008, John Michuki, aliyekuwa kaimu waziri wa fedha, aliagiza M-Pesa ikaguliwe, huku benki zikiwa zimeanza kuona kwamba kibanda kimekuwa jirani mkubwa. Mapema 2009 serikali ikatangaza kwamba huduma iko salama. Iliponea wapi? Kwenye mambo yaliyoamuliwa kabla ya uzinduzi: Benki Kuu ilishirikishwa tangu mwanzo na ikatoa barua ya kutokuwa na pingamizi, na kila shilingi ya wateja ilikaa kwenye akaunti ya amana benki, mbali na mali ya Safaricom. Mkuu wa kampuni mwenye haraka angeona hizo ni kamba za kumfunga miguu. Siku ya ukaguzi ndizo zilizomshikilia asianguke.

Anayedhani siri ilikuwa kwenye programu na aangalie ilikopelekwa. Vodacom Tanzania ilianza M-Pesa Aprili 2008. Baada ya miezi 14 ilikuwa na wateja 280,000 hivi. Kenya katika muda kama huo ilikuwa na milioni 2.7. Tanzania ni nchi kubwa, watu wametawanyika, na Vodacom hakuwa ameshika soko kama Safaricom alivyolishika Kenya. Bei zilibidi zipangwe upya, mawakala wapatikane kwa njia nyingine, na huduma ikaja kustawi kwa mwendo wake, ikishindana na Tigo Pesa na Airtel Money. Watanzania hata wakatutangulia katika jambo la maana: kutumiana pesa kati ya mtandao na mtandao kulianza kwao 2014, kwetu tukangoja hadi 2018.

Afrika Kusini hali ilikuwa mbaya. Vodacom na benki ya Nedbank walizindua 2010 kwa matarajio ya wateja milioni 10. Wakaizindua upya 2014. Juni 2016 wakaifunga, ikiwa na wateja hai wapatao 76,000. Wengi kule walikuwa na akaunti za benki tayari, na mwenye kadi ya benki ana mashine ya kutolea pesa karibu. Ile hofu ya bahasha kwenye basi haikuwa imewakaa moyoni kama ilivyotukaa sisi. Mtambo uliowapeleka wenzao mbali, kwao haukuwa na pa kwenda.

Namsifu Joseph lakini sitaki kumgeuza mtume. Kampuni aliyoijenga ilijifungia mawakala wake kwa miaka, wasiruhusiwe kuhudumia mtandao mwingine, mpaka mamlaka ya ushindani ilipoingilia kati 2014. Ukikosea tarakimu moja, pesa zako zilikwenda kwa mtu usiyemjua, ukabaki kubembeleza huduma kwa wateja. Huduma ya Hakikisha, inayokuonyesha jina kabla hujatuma, ilikuja 2015, wakati Bob Collymore ameshika usukani. Mwaka huohuo ndipo mitambo ya M-Pesa ilipohamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya. Miaka minane ni mingi mno kumngojesha mama aliyekosea namba ya karo. Ukilijua hitaji la mteja vizuri kiasi kile, huna kisingizio cha kuchelewa pale anapoumia. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewaona wakilia mbele ya meza ya shangazi.

Nami nililipia somo la bahasha. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kampuni changa moja ya Mombasa. Tulijenga programu ya kuwaunganisha wavuvi na mahoteli: mvuvi anapiga picha ya samaki, hoteli inaagiza, malipo yanaingia. Programu ilikuwa safi, inafunguka haraka hata kwenye simu ya bei ya chini. Tulitumia miezi saba kuijenga na hatukutumia hata siku moja kuuliza nani atanunua barafu. Samaki wa alfajiri walifika hotelini saa sita mchana, mpishi akawanusa, akawarudisha. Mvuvi mmoja aliniambia pale pwani, "Mwanangu, samaki haozi kwa simu." Kampuni ilifungwa. Wavuvi walirudi kwa madalali wale wale tuliokuwa tukiwaita wanyonyaji. Dalali ana sanduku la barafu.

Ndiyo maana nikikutana na kijana anayenionyesha programu yake, siangalii kwanza kioo cha simu. Namuuliza barafu yako ni nini, na nani ataibeba. Kama ni ya kuuza mbegu, nani atampelekea mkulima gunia mvua ikinyesha na barabara imekatika? Kama ni ya daktari kwa simu, dawa aliyoandikiwa mgonjwa itapatikana duka gani? Mara nyingi anajibu kwamba hilo watalishughulikia baadaye, wakishapata wateja. Maduka yale 750 yalikuwapo kabla ya wateja.

Na nikikutana na wakuu wa kampuni hizi, ombi langu ni dogo: kaeni kibandani siku nzima, mwisho wa mwezi, bila kamera na bila fulana mpya za kampuni. Mtazame wakala anavyoamua nani apewe noti za mwisho. Siku ile Kaloleni shangazi alikuwa na elfu mbili na mia tano, na kabla bahasha haijafika aliingia binti mwenye mtoto mgongoni akitaka mia nane za dawa. Alimtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa kukubali, binti akapewa. Uamuzi ule haumo kwenye menyu yoyote, na ndio uliolinda jina la kampuni kijijini pale kwa siku ile.

Agosti 2023 Safaricom ilianzisha M-Pesa Ethiopia, nchi yenye watu zaidi ya milioni 100. Imemkuta mwenyeji, Telebirr ya Ethio Telecom, aliyetangulia 2021 na kukusanya mamilioni ya wateja. Magazeti yetu yanahesabu wateja waliojisajili. Mimi ningetaka kusikia habari za mji mdogo ulio mbali na Addis Ababa, siku ya soko, mama amepokea pesa kutoka kwa mwanawe: droo ya wakala ina birr ngapi, na aliyekwenda kuleta nyingine amefika wapi.